Mgeni na Riziki ya Mwenyeji

Wazee wetu walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Leo twataka kulipima neno hilo kwa habari za Ndundu na vijiji jirani vya bonde la Rufiji. Je, watu wanapohamia katika nchi, wenyeji huneemeka au hufukarika?

Zamani Warufiji hawakufuga ng'ombe wengi, kwa maana mbung'o walikuwa tele. Riziki yao ilikuwa mpunga, mahindi na samaki. Mto ulifurika ukaacha tope lenye rutuba; maji yalipopungua watu walipanda mazao yaitwayo mlao, ambayo hukomaa wakati wa kiangazi.

Katika miaka ya 2006 na 2007 Serikali iliwaondoa wafugaji katika bonde la Usangu, Mbeya, ikawaelekeza wengi kwenda mikoa ya Lindi na Pwani. Ndipo Wasukuma, Wabarabaig na wengineo walipozidi kufika Rufiji pamoja na mifugo yao.

Ugeni huo una faida. Maziwa na nyama hupatikana karibu. Samadi hurutubisha shamba. Maksai huvuta plau. Na mfugaji asiyelima hununua nafaka ya mkulima. Lakini hasara nayo ipo. Kiangazi kikishika, majani ya nchi ya juu hukauka, ng'ombe hushuka mtoni, na saa hiyo hiyo mlao umo mashambani. Usiku mmoja waweza kuteketeza kazi ya miezi mitatu, na jamaa nzima ikalala njaa. Mwezi wa Mei 2012, huko Ikwiriri, ugomvi wa wakulima na wafugaji ulimwaga damu na kuharibu mali.

Basi kiletacho umaskini si ugeni wenyewe, bali ni ng'ombe na mlao kukutana pasipo mapatano. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yataka mkutano mkuu wa kijiji uridhie kabla halmashauri ya kijiji haijagawa ardhi. Kwa hiyo yafaa kila mtu ahudhurie mkutano huo na kuuliza: Ng'ombe ni wangapi? Watapita njia gani kwenda majini? Shamba likiliwa, nani atalipa?

Wazee walisema pia, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Nasi twaongeza: kabla ya kumpa jembe, mwonyeshe mpaka.