Toka Kolwezi mpaka kwenye bahari: remorki ipite wapi?

Kila mutu wa Kolwezi, Likasi ao Lubumbashi anazijua. Zinapita muchana na usiku, mbili tatu zikifuatana, na sahani za shaba zenye kufungwa na mikanda ya chuma. Mutoto anauliza: mbona kamyo kubwa vile haijajaa? Imejaa, mwanangu. Shaba ni nzito; tani 30 hivi zinakaa chini kabisa, na remorki inaonekana kama iko na nusu ya muzigo tu.

Zamani gari-moshi ndiyo ilibeba. Reli ya Lobito ilifunguliwa 1931, kisha vita vya Angola vikaifunga 1975. Leo imeanza tena, lakini shaba mingi ingali inaenda kwa kamyo, na anayejua kama itafika ni shofere. Mashofere hao ni mashemeji wetu, watoto wetu, na Watanzania wenye kulala Kasumbalesa wakipika bukari yao, yenye wao wanaita ugali.

Toka Kolwezi mpaka Lubumbashi ni karibu kilometa 300, na toka pale mpaka Kasumbalesa ni 90 hivi. Mpaka hapo hakuna kuchagua sana. Kuko Mokambo na Sakania pia, na wengine wanajaribu kupita huko ili wakimbie foleni. Lakini remorki ndefu haigeuki kama pikipiki. Ukiingia njia ya udongo wakati wa mvua na kamyo ingine imezama mbele yako, huwezi kurudi nyuma wala kupita pembeni. Mutalala pale pamoja. Mbele ya kukata kuelekea huko, simu moja kwa mwenzako mwenye ametoka kule asubuhi ina faida kupita ramani.

Kuchagua kwenyewe kunaanzia Kapiri Mposhi, katika Zambia, nyuma ya Chingola, Kitwe na Ndola. Pale balabala inagawanyika. Kushoto ni njia ya Dar es Salaam: Serenje, Mpika, Nakonde, karibu kilometa 800. Ukivuka Tunduma, ungali na zaidi ya 900: Mbeya, Iringa, Morogoro. Mipaka ni miwili tu, na Tanzania luga ni yetu. Polisi akikusimamisha, unajieleza mwenyewe. Kwa mutu mwenye kulala mbali na nyumbani, hilo si jambo dogo.

Lakini kuko Kitonga. Ukitoka Iringa kuelekea Morogoro, balabala inaanguka toka juu kuelekea bonde la Ruaha, kona juu ya kona, mwamba upande huu na shimo upande ule. Na mwenye kubeba shaba anashuka akiwa amejaa. Zambia na Tanzania zinaruhusu kamyo na muzigo wake mpaka tani 56. Uzito kama ule ukianza kusukuma, freni zinapata moto, na freni yenye moto haishiki tena. Ndiyo sababu wazee wa kazi wanaingiza vitesi ya chini wakiwa bado juu kabisa. Mwenye kungoja mpaka katikati ya mutelemuko anaweza kuona vitesi inakataa kuingia, na pale hakuna wa kuita. Kisha Kitonga kuna Mikumi: kilometa 50 hivi ndani ya mbuga, twiga na nyati wanavuka, na ukigonga nyama unalipa faini.

Kwenye njia ya kusini, kuenda Durban kupitia Lusaka na Chirundu, kuko mutelemuko mwingine mukali unaoshuka mpaka Zambezi, na mipaka mitatu: Kasumbalesa, Chirundu, Beitbridge. Toka 2021, wengi wanapenda Kazungula, juu ya daraja jipya la meta 923. Mbele ya hapo kamyo zilivuka kwa bato, na foleni ilikuwa ya siku na siku. Ndani ya Botswana njia ni tambarare na freni zinapumuzika. Usiku sasa, kati ya Kazungula na Nata, tembo anasimama katikati ya gudro na hauone kitu. Walvis Bay nayo, kupitia Livingstone na Katima Mulilo, iko na mipaka miwili na milima kidogo.

Kuko jambo lenye linatuhusu sisi wa mine kupita mashofere. Kwenye mizani ya Zambia hawapime tani 56 tu, wanapima na kila kundi la magurudumu. Mwenye kupakia na elevateri akisukuma shaba yote nyuma ao mbele ili amalize upesi, uzito wote ni sawa, lakini mizani inakataa. Faini inaandikwa, na shofere anatafuta mashine ya kusogeza shaba katikati ya safari, kilometa mia na mia toka nyumbani. Kosa lilifanyika huku kwetu, kwa dakika tano.

Na kamyo ileile ndiyo inarudi na mazutu, na sulfuri ya kiwanda, na wengine na unga. Katika mwezi wa 8 wa 2024, Zambia ilifunga Kasumbalesa, Mokambo na Sakania kwa siku chache. Katika nyumba mingi, mama aliuliza bei ya unga mbele ya kuuliza habari ya shaba.

Kwa maoni yetu, pesa ndiyo inachagua njia mbaya. Shofere mwenye kulipwa kwa kila safari anakimbiza siku, na mwenye kukimbiza siku anashuka Kitonga usiku. Kama uko na mume ao mutoto kwenye kazi ile, akipiga simu usimuulize tu atafika lini. Muulize analala wapi.