Makinikia: Hesabu iliyofunikwa na malumbano

MWAKA 2017, Serikali ilipozuia kusafirisha nje makinikia, yaani mchanga wenye dhahabu na shaba, kurasa za mbele za magazeti ya kitaifa zilitawaliwa na mvutano wake na kampuni ya Acacia.

Mwaka huo huo sheria ilipandisha mrabaha wa shaba kutoka asilimia 4 hadi 6. Hata hivyo, kwa msomaji wa Kapalamsenga, mkoani Katavi, kwenye machimbo ya shaba, swali lilikuwa jingine. Mrabaha huingia Serikali Kuu. Halmashauri wakati huo ilitoza ushuru wa huduma usiozidi asilimia 0.3 ya mauzo.

Habari inayoishia kumtaja mshindi wa malumbano humnyima mwananchi hesabu ya kumhoji diwani wake kuhusu zahanati na barabara.