Kifuniko cha Ndoo: Hadhari kwa Watoto na Maji ya Nyumbani

Katika mji wa Uvira, uliobanwa baina ya milima ya Mitumba na Ziwa Tanganyika, ambalo kina chake hufikia mita 1,470 na hapana ziwa jingine la Afrika lilizidilo, watu wamezoea kuitafuta hatari ya maji huko nje: katika mawimbi ya bandari ya Kalundu, au katika mito ishukayo milimani kwa nguvu, kama Mulongwe ulivyofurika mwezi wa Aprili 2020, ukabomoa nyumba na kuangamiza roho za watu. Hofu hiyo ni ya haki, wala sikusudii kuitangua. Lakini kwa mtoto anayetambaa, au aliyeanza kusimama dede, yako maji yaliyo karibu naye zaidi, nayo ni yale tuliyoyahifadhi ndani.

Sababu ya kuyahifadhi ni dhahiri. Maji ya bomba hayatoki kila saa, na kipindupindu hakijauacha mji huu. Kwa hiyo kila mama mwenye busara, bomba likifunguka, hujaza bidoni, ndoo na beseni. Sasa mtazame mtoto wa mwaka mmoja aliyeishika ndoo kwa mikono miwili ili achungulie ndani. Kichwa chake ni kizito kwa kadiri ya mwili wake. Akiinama, humvuta akatumbukia kichwa mbele, na mikono yake haina nguvu ya kumwinua, wala ndoo, kwa uzito wa maji, haipinduki ikamwokoa. Sentimita 5 za maji zatosha kuziba pua na kinywa. Wala mtu asitarajie kusikia ukelele, kwani aliyekosa pumzi hana sauti. Na baada ya dakika chache ubongo huanza kudhurika. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 walikufa maji watu wapatao 300,000 ulimwenguni, na karibu robo yao walikuwa watoto wasiotimiza miaka 5.

Maji ya moto nayo yana madhara yake. Yakifika nyuzi 60 za Selsiasi huiunguza ngozi ya mtu mzima kwa sekunde chache tu, na ya mtoto, iliyo nyembamba, upesi zaidi. Basi amwogeshaye mtoto atangulize maji baridi katika beseni, ndipo atie ya moto, akoroge, ajaribu kwa kiwiko. Mtoto akiungua, na amwagiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20, wala asipakwe mafuta wala dawa ya meno, kisha apelekwe kwa mganga.

Kwa ajili ya kipindupindu tumehimizwa siku zote kufunika maji ya kunywa. Kifuniko hicho hicho, kikiwa kizito au cha kukaza, hata mtoto asiweze kukifungua, humkinga pia asizame. Na beseni lililokwisha kazi limwagwe na kufudikizwa papo hapo. Mtoto aogapo asiachwe, hata kwa kuitikia hodi, wala asiaminishwe kwa nduguye mdogo. Na ikiwa, Mungu apishe mbali, ameopolewa hapumui, asining'inizwe miguu juu: alazwe chali, apuliziwe pumzi 5, kisha abonyezwe kifua kwa haraka, mara 30 kwa kila pumzi 2, bila kukoma, huku mwingine akikimbilia msaada. Ilimu hii ni wajibu ienezwe kwa kila aleaye mtoto, wazazi, bibi na majirani, kwa kuwa dakika zile chache hazimngoji daktari.