Mapambano yaliyokosekana katika ndondi za uzito wa juu miaka ya 1990

Miaka ya 1990 huhesabiwa kuwa mojawapo ya vipindi bora vya ndondi za uzito wa juu duniani, pamoja na miaka ya 1970. Katika miaka ya 1970, Muhammad Ali, Joe Frazier na George Foreman walipambana wote kwa wote. Pambano la Ali na Foreman lilifanyika Kinshasa, Zaire (leo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo), tarehe 30 Oktoba 1974. Miaka ya 1990 haikuwa hivyo. Vipaji vilikuwa vingi, lakini baadhi ya mapambano yaliyosubiriwa sana hayakufanyika, na mengine yalifanyika baada ya mabondia kupita kilele chao.

Mabondia wanne

Mabondia wakuu wa kipindi hicho walikuwa Mike Tyson, Evander Holyfield na Riddick Bowe wa Marekani, pamoja na Lennox Lewis wa Uingereza. Watu wanne wanaweza kuunda jozi sita. Kati ya hizo, jozi mbili hazikukutana kamwe katika ndondi za kulipwa: Bowe na Lewis, tena Bowe na Tyson. Holyfield peke yake ndiye aliyepambana na wenzake wote watatu.

Bowe na Lewis

Wawili hawa walikutana katika fainali ya Michezo ya Olimpiki ya Seoul mwaka 1988. Lewis, aliyewakilisha Kanada wakati huo, alishinda katika raundi ya pili baada ya mwamuzi kusimamisha pambano.

Tarehe 31 Oktoba 1992 Lewis alimshinda Donovan Ruddock mjini London, akapata haki ya kumkabili bingwa wa WBC. Wiki mbili baadaye Bowe alimshinda Holyfield kwa pointi na kutwaa mikanda ya WBA, WBC na IBF. Ilionekana kwamba pambano lao haliepukiki. Lakini pande hizo mbili hazikuafikiana, na mwezi Desemba 1992 Bowe aliutupa mkanda wa WBC kwenye pipa la taka mbele ya waandishi wa habari. Lewis akatangazwa bingwa wa WBC bila kupigana na Bowe.

Tyson kuchelewa

Tyson na Holyfield walipangiwa kupambana Novemba 1991. Tyson aliumia mbavu na pambano likaahirishwa. Mwaka uliofuata alihukumiwa kwa kosa la kubaka, akakaa gerezani hadi Machi 1995. Walikutana tarehe 9 Novemba 1996, na Holyfield alishinda katika raundi ya 11.

Mwaka huohuo Tyson aliuachia mkanda wa WBC badala ya kupambana na Lewis. Walikutana Juni 2002 mjini Memphis, na Lewis alimwangusha Tyson katika raundi ya nane. Wote wawili walikuwa wamepita umri wa miaka 35.

Kuhusu Bowe na Tyson, wote walikulia Brownsville, mtaa wa Brooklyn, New York, lakini hawakuwahi kukutana ulingoni.

Vipaji vilivyopotea

Bowe alijulikana kwa kutojali mazoezi na kunenepa kati ya pambano moja na jingine. Mwaka 1996 alipambana mara mbili na Andrew Golota wa Poland. Mara zote mbili Golota alikuwa anaongoza kwa pointi, lakini aliondolewa kwa kupiga chini ya mkanda. Bowe alihesabiwa mshindi, ila alikuwa amepigwa vibaya, na baada ya pambano la pili watu waliona kwamba anaburuta maneno anapozungumza. Alistaafu mwaka 1997 akiwa na miaka 29, akiwa amepoteza pambano moja tu, dhidi ya Holyfield mwaka 1993. Alirudi ulingoni mwaka 2004, lakini si kwa kiwango cha awali.

Mwingine ni Ike Ibeabuchi wa Nigeria. Mwaka 1997 alimshinda David Tua, na Machi 1999 alimwangusha Chris Byrd. Wote wawili walikuwa hawajawahi kushindwa. Miezi michache baadaye alikamatwa Las Vegas kwa kesi ya shambulio la kingono, akafungwa kwa miaka mingi. Alikuwa na miaka 26, akiwa ameshinda mapambano yote 20.

Sababu

Sababu kuu ni wingi wa mashirikisho. Kila shirikisho lina mkanda wake na orodha yake ya wapinzani, hivyo bondia aliweza kuachia mkanda mmoja na bado akaitwa bingwa. Pia mapromota na vituo vya televisheni vilikuwa na mikataba iliyoshindana: Lewis alikuwa na HBO, Tyson na Showtime. Vituo hivyo vililazimika kushirikiana ili pambano la 2002 liwezekane.

Sababu nyingine zilitokana na mabondia wenyewe: uhalifu, uzembe wa mazoezi na majeraha. Kwa hiyo swali la nani alikuwa bora kati ya Bowe na Lewis mwaka 1993, wote wakiwa katika kilele chao, halina jibu la ulingoni.