Herufi chache zinazolinda nyaraka za mfanyakazi ughaibuni

Mfanyakazi kutoka Mombasa, Kampala au Dar es Salaam anayeishi mtaa wa Al-Malqa, kaskazini mwa jiji la Riyadh, hujikuta baada ya miaka michache na nyaraka nyingi ndani ya kompyuta: mkataba wa kazi, nakala ya pasipoti na ya iqama, yaani kibali cha ukaazi, pamoja na taarifa za mishahara ya kila mwezi.

Ukizuka mgogoro wa malipo, nyaraka hizo ndizo ushahidi wake. Ndiyo maana wengi hutaka nakala ibaki pia kwa jamaa nyumbani. Njia mojawapo ni kuzikusanya katika furushi moja kwa programu ya tar.

Programu ya tangu 1979

Tar ilitokea mwaka 1979 katika toleo la saba la mfumo wa Unix, uliobuniwa katika maabara za Bell nchini Marekani. Jina lake ni ufupisho wa maneno ya Kiingereza yenye maana ya hifadhi ya utepe, kwa kuwa wakati huo nakala za akiba ziliwekwa kwenye tepu za sumaku. Leo imo katika Linux na kompyuta za Apple, na tangu mwaka 2018 imo pia katika Windows 10.

Tar haina vitufe vya kubofya. Mtumiaji huandika amri, na herufi zinazofuata alama ya kistari ndizo zinazoieleza kazi ya kufanya. Kwa mfano:

tar -czf nyaraka.tar.gz nyaraka

Herufi c huagiza furushi jipya liundwe, z hulibana ili lipungue ukubwa, na f hutangulia jina la furushi. Neno la mwisho ni folda inayofungwa.

Hatari ya herufi f

Neno lolote linalofuata f huchukuliwa kuwa jina la furushi. Anayeandika -cfz badala ya -czf hupata furushi liitwalo z. Kosa zito zaidi ni kusahau jina lenyewe. Amri ya tar -cf mkataba.pdf pasipoti.pdf haifungi faili mbili. Huufuta mkataba na kuweka mahali pake furushi lenye pasipoti peke yake, bila onyo lolote.

Mtumiaji asipotaja faili yoyote ya kufunga, tar hugoma. Ujumbe wake unajulikana sana miongoni mwa mafundi: programu husema kuwa inakataa, kwa woga, kuunda furushi tupu.

Kukagua na kufungua

Herufi t huorodhesha yaliyomo bila kufungua: tar -tzf nyaraka.tar.gz. Hata hivyo, orodha kamili si uthibitisho kamili. Tar hukagua maelezo ya kila faili, kama vile jina na ukubwa, lakini haikagui maudhui yake. Kazi hiyo hufanywa na gzip, programu inayobana furushi, ambayo huhifadhi hesabu ya uhakiki. Katika Linux na kompyuta za Apple, amri ya gzip -t nyaraka.tar.gz ikinyamaza, furushi ni zima.

Anayepokea hutumia x kufungua. Ni muhimu kuongeza C kubwa na jina la folda tupu iliyokwisha kuundwa, kama vile tar -xzf nyaraka.tar.gz -C mpya. La sivyo, faili ya zamani iliyomo katika furushi huweza kufuta faili mpya yenye jina hilo hilo.

Suala la siri

Tar haina neno la siri. Yeyote anayelipata furushi anaweza kusoma pasipoti iliyomo. Programu ya zip inayo herufi e ya kuweka neno la siri, lakini mbinu yake ya zamani ilithibitishwa kuwa dhaifu tangu mwaka 1994, na majina ya faili hubaki wazi.

Iliyo imara zaidi ni 7-Zip. Ndani yake, herufi p huomba neno la siri, na chaguo la -mhe=on huficha hata majina ya faili. Furushi la aina hiyo huandikwa hivi:

7z a -p -mhe=on nyaraka.7z nyaraka

Neno hilo la siri likisahauliwa, hakuna ofisi itakayolirejesha. Inafaa jamaa apewe kwa njia nyingine, kwa mfano kwa simu, si katika ujumbe ule ule unaobeba furushi.

Nakala za awali zisifutwe mpaka jamaa huyo awe amelifungua furushi kwenye kompyuta yake na kuusoma mkataba hadi ukurasa wa mwisho.