Nani Aliyesema kwa Niaba ya Kigoma?



Kila tunapokaribia kuchagua wajumbe wa kamati za matawi, husikika swali lile lile: mtu mmoja atawezaje kuwasemea watu wengi wa mahali pengi? Swali hili si letu peke yetu wakulima wa karafuu. Ndugu zetu wa Kigoma na Ujiji, wenye michikichi na wavuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika, wamelikuta zaidi ya mara moja. Yafaa tutazame yaliyowapata.

Kwanza tufahamu neno lenyewe. Zamani za Waingereza Tanganyika iligawanywa kwa majimbo makubwa, na Kigoma ilikuwamo katika Jimbo la Magharibi, ambalo makao yake makuu yalikuwa Tabora. Siku hizi sehemu kama hiyo huitwa mkoa, na neno "jimbo" limebaki kwa eneo linalochagua mbunge.

Uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria ulipoanza mwaka 1958, Jimbo la Magharibi lilikuwa miongoni mwa majimbo 5 yaliyotangulia. Lilipewa viti 3: cha Mwafrika, cha Mzungu na cha Mwasia. Mpiga kura alilazimika kuchagua watu wote 3. Akimwacha mmoja, kura yake iliharibika. Tena si kila mtu aliruhusiwa. Ilitakiwa awe na mapato ya pauni 150 kwa mwaka, yaani shilingi 3,000, au awe amesoma hadi darasa la 8, au awe na cheo kilichokubaliwa. Mvuvi wa Ujiji asiyekuwa na kimojawapo alibaki nje. Hata aliyepiga kura, mjumbe wake alikuwa wa jimbo zima, na kutoka Kigoma hadi Tabora peke yake ni karibu kilomita 400 kwa reli.

TANU ilibishana sana juu ya masharti hayo katika mkutano wake wa Tabora, Januari 1958. Mwalimu Nyerere alishauri yakubaliwe, ili chama kiingie Barazani na kuyabadili kikiwa ndani. Zuberi Mtemvu hakuridhika, akaondoka na kuanzisha chama chake. Kiti cha Mwafrika cha Jimbo la Magharibi alikipata Chifu Abdallah Fundikira wa Unyanyembe. Mwaka 1960 masharti yakalegezwa, hata aliyejua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza akaweza kujiandikisha. Mwaka 1965 raia wote watu wazima walikuwa na haki ya kura. Lakini wagombea walikuwa wa chama kimoja, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine ya nyumba.

Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, Kigoma Mjini ikawa mfano kwa nchi nzima. Katika uchaguzi mdogo wa mwaka 1994, Azim Premji wa CCM alitangazwa mshindi. Dk. Aman Walid Kabourou wa CHADEMA alikwenda Mahkamani, na miongoni mwa malalamiko yake ni kwamba redio ya serikali iliegemea upande mmoja. Mahkama Kuu ilibatilisha uchaguzi ule, na Mahkama ya Rufani ikakubaliana nayo. Baadaye Dk. Kabourou alikaa Bungeni akiwa mbunge wa Kigoma Mjini. Mwaka 2015 jimbo hilo lilimchagua Zitto Kabwe wa ACT-Wazalendo, na mwaka 2020 likaenda tena CCM.

Basi, wanachama, kabla hatujauliza nani atatusemea, tuulize mambo matatu. Nani ameandikwa katika daftari la wapiga kura? Eneo la mjumbe ni kubwa kiasi gani, ataweza kulizunguka? Na mwenye malalamiko atayapeleka wapi yasikilizwe?

Kila mwanachama aende tawini kwake, akatazame jina lake katika daftari kabla ya siku ya mkutano.