Barua Haina Sauti

Ndugu msikilizaji, leo tuzungumze juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu hulifanya kutwa nzima bila ya kulifikiria, nalo ni kuelewana. Wengi tunaamini kwamba neno ni kama kifurushi: nikikukabidhi, utakifungua na kukuta kile kile nilichokitia. La hasha. Neno ni ishara tu. Mimi nikisema, wewe ndiye unayeijenga maana kichwani mwako kwa yale unayoyajua tayari. Tukiwa tunajua mambo yale yale, maana zetu hukutana. Tusipoyajua, kila mtu hushika njia yake, na aghalabu hatutambui kwamba tumekwisha kuachana.

Tunapozungumza ana kwa ana tunayo misaada mingi. Iko sauti, uko uso, iko mikono. Chukua maneno haya: "Mtoto amekula." Ukipandisha sauti mwishoni, umeuliza. Ukiishusha, umejibu. Halikubadilika hata neno moja. Au chukua neno "barabara". Ukilitamka kwa namna moja, ni njia ya magari. Ukikaza sauti mapema kidogo, maana yake ni sawasawa. Wewe unayenisikiliza huna taabu. Lakini atakayeyasoma mazungumzo haya gazetini ataliona neno lile lile moja, na itambidi atazame maneno ya jirani ili ajue ni lipi.

Wazee wetu wa mwambao waliyajua mashaka hayo. Kwa karne nyingi waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Hati ile ina alama za irabu tatu, na lugha yetu ina irabu tano. Basi i na e ziligawana alama moja, na u na o vivyo hivyo, mpaka baadaye baadhi ya waandishi walipobuni alama za kuzitofautisha. "Shoka" na "shuka" yaliweza kuandikwa mamoja. Je, mtu ameazima shoka au shuka? Karatasi haikusema. Aliyesema ni msomaji, kwa kuwa aliijua lugha na alikijua kisa chenyewe. Wala tusidhani kwamba herufi za leo zimeuponya ugonjwa huu. Zimeupunguza tu.

Pengine utasema haya ni mambo ya walimu wa lugha, hayamhusu mkulima wala mama muuza samaki. Basi sikiliza yaliyotokea Uhabeshi, nchi ambayo leo twaiita Ethiopia. Tarehe 2 Mei 1889, mahali paitwapo Wuchale, Mfalme Menelik wa Pili alitia mkono mkataba wa urafiki na serikali ya Italia. Mkataba uliandikwa kwa lugha mbili, Kiamhari na Kiitaliano. Kifungu cha 17 cha Kiamhari kilisema kwamba mfalme anaweza, akipenda, kuitumia Italia katika mashauri yake na mataifa mengine. Kile cha Kiitaliano kilimfunga kuitumia. Tofauti ni ndogo kwenye karatasi: hiari upande mmoja, sharti upande wa pili. Kwa sharti hilo Italia iliyatangazia mataifa ya Ulaya kwamba Uhabeshi imo chini ya himaya yake.

Kama ilikuwa hila au kosa la tafsiri, wanahistoria wangali wakibishana. Lililo hakika ni kwamba Menelik aliukataa mkataba huo mwaka 1893, na vita vikafuata. Tarehe 1 Machi 1896, huko Adwa, majeshi ya Uhabeshi yaliwashinda Waitaliano. Maelfu ya watu walikufa pande zote mbili. Mwaka huo huo, mwezi wa Oktoba, Italia ilikubali kwamba mkataba wa Wuchale umefutwa na kwamba Uhabeshi ni nchi huru.

Ndugu msikilizaji, kutoelewana hakupigi kelele. Hukaa kimya ndani ya karatasi mpaka siku ya kutenda. Tangazo likisema mkutano ni saa 2, Mswahili atafika asubuhi. Mgeni aliyezoea saa za Kizungu atafika saa nane mchana. Hapo hasara ni ya muda tu. Lakini bahasha ya dawa huandikwa 2 x 3. Aliyeandika anajua kwamba ni vidonge viwili, mara tatu kwa siku. Mgonjwa ambaye hakuelezwa, na shuleni alifundishwa kwamba mbili mara tatu ni sita, anaweza kumeza vidonge sita kwa mkupuo mmoja. Anajua kusoma, na amesoma vizuri kabisa.

Tufanyeje basi? Aliyeandika akumbuke kwamba hatakuwapo maandishi yake yatakaposomwa. Kabla ya kuyatoa, ampe mtu asiyelijua jambo hilo, ayasome, kisha aeleze kwa maneno yake mwenyewe. Mganga asiulize, "Umeelewa?" Swali hilo hujibiwa "Ndiyo" kwa sababu ya heshima au haya. Na aseme, "Hebu nieleze, mama, ukifika nyumbani utakunywaje dawa hii?" Hapo ndipo kosa litakapojitokeza, lingali halijamdhuru mtu.

Nawe unayepewa karatasi ya mkopo, ya shamba au ya kodi ya nyumba, usione haya. Kabla ya kutia sahihi au dole gumba, mwambie mwenzako ulivyoielewa, naye akuambie alivyoielewa yeye. Ikiwa iko kwa lugha mbili, zisomwe zote mbili. Kuuliza si ujinga. Mwenye nia njema hatachukia kuulizwa, na anayechukia amekwisha kukujibu.

Mpaka juma lijalo, kwaherini.